PAKA ALIYEGONGWA BARABARANI: MSAIDIE, LAKINI JILINDE KWANZA



Karatasi yetu ya safari hii inazungumza juu ya paka. Najua wengine watacheka na kusema: "Shida za watu hazijaisha, sasa tunaletewa habari za paka!" Tunakuomba usome mpaka mwisho. Habari hii inahusu pia uhai wa watoto wetu.

ILIVYOTOKEA

Msimu wa mvua uliopita, siku ya mgao wa chakula, gari la mizigo lilimgonga paka kwenye barabara ya hapa Nyarugusu, karibu na kijiji ninachofanyia kazi. Paka alitupwa pembeni mwa mtaro. Mtoto wa kiume wa miaka 9 alikuwa anatoka bombani na dumu lake. Alimwona paka bado anapumua, akamhurumia. Aliweka dumu chini, akamnyanyua kwa mikono mitupu na kumkumbatia kifuani. Paka, kwa maumivu, akamng'ata kidole gumba.

Mtoto hakumwambia mtu. Dumu lilikuwa limeanguka na maji kumwagika, na shati lilikuwa na damu, kwa hiyo aliogopa kuchapwa. Alimficha paka nyuma ya jiko, akafunga kidole kwa kitambaa. Siku ya tatu nilipopita nyumba kwa nyumba, nilimkuta anafua kwa mkono mmoja. Nilipomwuliza, aliuficha mkono wa pili mgongoni. Kidole kilikuwa kimevimba. Mama yake alisema, "Mimi nilidhani amechomwa na mwiba."

Tulikwenda kituo cha afya saa ileile. Mganga alikiosha kidonda, akampa dawa na kumwanzishia chanjo. Kisha akatugeukia sisi wakubwa. Alisema kwamba mtoto hakukosa kwa kuwa na huruma. Sisi ndio tuliokosa, kwa sababu hatukumfundisha namna ya kusaidia, na tulimfanya aogope kusema. Ndiyo sababu ninaandika maneno haya.

KWA NINI TUSIMWACHE TU?

Kwanza, paka ni mlinzi wa chakula chetu. Kila mama hapa kambini anajua panya wanavyotoboa gunia la unga na kuchafua maharage kabla ya mgao mwingine kufika. Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Paka mmoja hulinda safu nzima ya nyumba, si nyumba moja tu.

Pili, paka mwenye maumivu akiachwa barabarani, watoto hawatapita bila kumgusa. Mmoja atamwonea huruma, mwingine atamchokoza kwa fimbo. Wote wawili wanaweza kung'atwa. Ni afadhali mtu mzima anayejua la kufanya amwondoe.

Tatu, mnyama anasikia maumivu kama sisi. Wako wanaosema paka aliyelala njiani ametumwa na mchawi, na kumpiga mawe. Paka aliyegongwa na gari hakutumwa na mtu. Na mtoto anayetuona tunapiga mawe kiumbe kilichoumia anajifunza kitu kibaya kutoka kwetu.

HATARI NI NINI?

Hatari kubwa ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Unaitwa hivyo kwa sababu mbwa ndiye anayeuleta kwa binadamu mara nyingi zaidi, lakini paka naye huupata akiumwa na mbwa mgonjwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate. Vinaingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo.

Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi dalili huonekana baada ya miezi 2 au 3, lakini inaweza kuwa wiki moja tu, au hata mwaka. Mgonjwa huanza kwa homa na kuwashwa mahali alipoumwa. Baadaye huchanganyikiwa, hushindwa kumeza, huogopa maji. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa kama mtu akiosha jeraha na kupata chanjo mapema. Ndiyo maana siku mbili alizokaa kimya yule mtoto zilitutia hofu kubwa.

Sasa angalia jambo hili. Paka mwenye kichaa anaweza kuyumbayumba, kuburuta miguu ya nyuma, kutokwa na mate mengi na kung'ata bila sababu. Paka aliyegongwa na gari naye anaweza kuburuta miguu na kung'ata. Kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo kila paka aliyeumia mchukulie kama anaweza kuwa na ugonjwa, hata kama ni paka wa jirani unayemjua.

NAMNA YA KUMSAIDIA

1. Tazama barabara kwanza. Usikimbilie katikati ya njia. Mwombe mtu mmoja asimamishe magari na baiskeli. Watoto wakae mbali. Kazi hii ni ya mtu mzima.

2. Usimshike kwa mikono mitupu. Chukua blanketi kuukuu, gunia au kitenge kilichokunjwa mara mbili. Mkaribie polepole kutoka nyuma, bila kelele. Mfunike mwili mzima pamoja na kichwa, ila nafasi ya kupumua ibaki. Paka akiwa gizani hutulia. Usiweke uso wako karibu naye.

3. Usimnyanyue kwa mguu, kwa mkia wala kwa ngozi ya shingo. Huenda uti wa mgongo umevunjika. Msogeze taratibu, pamoja na kitambaa chake, juu ya ubao au kipande cha katoni ngumu, kisha mbebe akiwa amelala sawa.

4. Kama damu inatoka, kandamiza mahali hapo kwa kitambaa safi kwa dakika 5 bila kuinua ili kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake.

5. Mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye kivuli na kimya. Paka aliyeumia hupoteza joto upesi. Jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie nguo, uiweke kando yake. Isiwe ya moto wa kuunguza.

6. Mpelekee habari afisa mifugo, au mwambie kiongozi wa kijiji chako amtafute. Fizi nyeupe, kuhema kwa mdomo wazi, au kushindwa kukojoa siku nzima ni dalili za hatari. Usimfungue mdomo kwa vidole ili uone fizi. Tazama tu anapolia.

7. Akiwa macho na ametulia, mwekee maji kidogo kwenye kifuniko. Usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Baada ya saa chache mpe dagaa kidogo zilizochemshwa bila chumvi. Paka asiyekula siku 2 au 3 anaanza kuharibika ini, kwa hiyo usiseme "atakula mwenyewe akipona."

8. Mguu uliovunjika usiufunge kwa vijiti. Ukifungwa vibaya, damu haipiti na mguu unaoza. Mwache ndani ya boksi asirukeruke mpaka afisa mifugo amwone.

9. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni. Nguo yenye damu au mate iloweke kwenye maji ya sabuni, uifue na kuianika juani.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usimpe paka dawa za watu. Panadoli, ambayo sisi tunaitumia kila siku, ni sumu kwa paka. Hata kipande cha kidonge kinaweza kumwua. Aspirini na diklofenaki nazo ni hatari.

Usimpake mafuta ya taa, spiriti wala oili ya gari kwenye kidonda. Paka hujilamba, na kila unachompaka atakimeza. Kama unaweza kufika kwenye kidonda bila kung'atwa, kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Kama anapigana, acha.

Usimchinje mnyama aliyekutwa mgonjwa au aliyegongwa ukidhani ni kitoweo. Anayemchuna anaweza kuingiwa na virusi kupitia mkwaruzo mdogo mkononi.

UKING'ATWA AU KUKWARUZWA

Hapa ndipo tunaomba kila mtu asome mara mbili.

Kwanza, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Huna saa? Hesabu taratibu mpaka 60, rudia mara 15. Foleni ya bombani ikiwa ndefu, mwombe mtu akumiminie maji kwa kikombe kutoka kwenye dumu. Najua maji ni shida, na dumu moja lina kazi nyingi nyumbani. Hata hivyo, siku hiyo hakuna kazi nyingine inayopita hiyo.

Pili, usiweke majivu, pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri wala dawa ya mganga wa kienyeji. Usilikaze jeraha kwa kamba. Kama iodini ipo, paka baada ya kuosha.

Tatu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Meno ya paka ni membamba na marefu. Huacha tundu dogo nje na kuingiza uchafu ndani sana, ndiyo maana vidole huvimba. Mganga ataangalia pia kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Nne, maliza chanjo. Siku ya sindano ya kwanza huhesabiwa sifuri. Nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7, na vituo vingi huongeza ya siku ya 14 au 28. Mganga ndiye anayepanga. Jeraha kubwa huweza kuhitaji pia dawa ya kuchomwa kuzunguka jeraha lenyewe. Ukiambiwa chanjo haipo siku hiyo, usirudi nyumbani kukaa. Omba karatasi ya rufaa, na umwambie mhamasishaji wa zoni yako akusaidie kufuatilia.

Tano, paka asiuawe na asifukuzwe. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, mganga aambiwe, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Lakini usingoje siku 10 ndipo uanze chanjo.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, ni kweli sindano zinachomwa tumboni, nyingi sana?
Hapana. Ilikuwa hivyo zamani. Siku hizi huchomwa kwenye mkono, karibu na bega, na mtoto mdogo chini ya miaka 2 huchomwa pajani.

Nimeumwa wiki iliyopita na sikusema. Nimechelewa?
Nenda leo. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado ina faida. Usiongeze siku nyingine kwa aibu.

Paka akifa nifanye nini?
Usimguse kwa mikono. Mzike kwenye shimo refu la kufika magotini au zaidi, mbali na bomba na kisima. Kama alimng'ata mtu, mwambie kwanza afisa mifugo au mganga kabla ya kuzika.

Je, paka na mbwa wanaweza kuchanjwa?
Ndiyo. Ukisikia tangazo la chanjo ya mifugo hapa kambini au katika vijiji vya wenyeji, mpeleke mnyama wako. Ukichanja mbwa wako unawalinda paka, na watoto pia.

MWISHO WAKE ULIKUWAJE?

Yule paka alitunzwa ndani ya boksi chini ya kitanda cha balozi wetu, akiangaliwa kila siku. Siku 10 zilipita akiwa mzima, anakula, macho yanang'aa. Tulipeleka habari kwa mganga. Mguu wa nyuma haukunyooka tena, lakini panya wa safu ile wanamjua.

Mtoto alipona kidole. Siku moja alinisimamisha njiani na kuniuliza, "Kaka, nikimwona mwingine nifanye nini?" Nilimwambia: usimguse, kaa karibu, ita mtu mzima. Alirudia maneno hayo mara mbili kama somo la shule, kisha akanyanyua dumu lake akaenda.

Wazazi wenzangu na kaka na dada wakubwa, tunawaomba jambo moja leo jioni, kabla watoto hawajalala. Waambieni: "Ukiumwa na mnyama wowote, njoo useme. Hutachapwa." Maneno hayo hayana gharama, na mtoto akiyaamini atakuja kusema mapema.

KUMBUKA
- Usimguse mnyama aliyeumia kwa mikono mitupu.
- Mtoto asimshike. Aite mtu mzima.
- Uking'atwa: sabuni na maji, dakika 15.
- Kituo cha afya siku ileile. Maliza sindano zote ulizopangiwa.
- Paka aangaliwe siku 10.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe wala kuwashia moto. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine.