Mazungumzo ya 11: Mafuta na Asidi Vikimwagika

 

Leo tunazungumza juu ya vitu vya majimaji ambavyo havikosekani katika boma zetu. Kuna vinavyoshika moto, kama mafuta ya taa na petroli. Kuna vinavyochoma ngozi, kama asidi ya betri na dawa kali ya kusafishia choo. Baadhi ya dawa za kupulizia kahawa na za kuua kupe huwa na hatari zote mbili: ni sumu, na zikikaribia moto huwaka.

Tuanze barabarani. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikimbia na mitungi kuchota. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba ikaingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu walienda kuteka, na hapo pia zaidi ya 100 wakafa. Walikuwa watu kama wewe na mimi. Nani asiyetaka mafuta ya bure wakati unga umepanda bei?

Lakini sikiliza, mama. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini na kukusanyika mitaroni na bondeni. Sigara moja, jiko la jirani au pikipiki inayowashwa yatosha. Malori hayo hupita hata kwetu, kwenye miteremko na kona. Likianguka, usimtume mtoto na mtungi. Wachukue watoto, mwende mbali, mpande juu badala ya kushuka bondeni, upande ambao upepo unatoka. Mkiwa mbali, piga simu 999 au 112.

Sasa tuingie nyumbani. Mafuta yakimwagika jikoni, fanya hivi:

1. Toa watoto nje kwanza.
2. Kama ni petroli, au harufu ni kali, usiguse swichi ya stima wala kuwasha kiberiti. Fungua mlango na madirisha. Kama jiko linawaka karibu, tokeni nyote.
3. Hatari ya moto ikiisha, mwagia mchanga au udongo mkavu, uzoe kwa chepe, upeleke nje mbali na moto na mbali na maji ya kunywa. Usisukume kwa maji, kwa maana mafuta huelea na kuenea.
4. Kama ni asidi, tumia udongo vilevile, lakini vaa viatu na glavu za mpira. Usipanguse kwa kitambaa.

Ikimwagikia mtu, maji ndiyo dawa ya kwanza. Vua nguo zilizolowa mara moja. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Hata bila mfereji, jagi na ndoo zinatosha. Kama ni jicho, mlaze kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini, ulifungue kwa vidole na umwagie maji kutoka upande wa pua. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, majivu wala asali. Ukimaliza kuosha, nenda hospitali.

Na je, mtoto akinywa mafuta ya taa? Hapa ndipo wengi hukosea kwa upendo. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, wala usimlazimishe kunywa maziwa. Mafuta yakipanda tena yaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Asidi nayo huchoma koo mara ya pili inapopanda. Mpanguse mdomo, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali upesi hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Beba chupa yenyewe ili daktari aione.

Kinga haina gharama kubwa. Mtoto mdogo hajui kusoma, lakini anaijua chupa ya soda. Kwa hivyo usiweke mafuta wala asidi ndani ya chupa ya soda au ya maji. Weka katika chombo chake, chenye kifuniko kigumu, juu ya rafu au ndani ya kabati lenye kufuli. Usijaze stovu ikiwa inawaka.

Mama, leo kabla hujalala, pitia chini ya kitanda, nyuma ya mlango na stoo. Ukipata chupa ya soda isiyo na soda, iondoe. Mweleze pia msichana wa kazi na nyanya anayebaki na watoto.