Uzio wa Shilingi 960,000

Mfugaji ana shilingi 960,000 za kuzungushia uzio zizi la mstatili. Upande unaotazama barabara utakuwa wa mabati, shilingi 12,000 kwa mita. Pande tatu zilizobaki ni seng'enge, shilingi 4,000 kwa mita. Vipimo gani vitampa eneo kubwa kuliko yote?

Fumbo la namna hii huwashinda wengi mapema, kwa sababu limebeba mambo mawili kwa pamoja: fedha, ambazo zina kikomo, na eneo, ambalo ndilo linalotafutwa. Dawa yake ni kulipa kila jambo mlinganyo wake.

Upana wa mbele uwe x, na ubavu uwe y. Kila mita ya mabati mbele hudai mita ya seng'enge nyuma, hivyo mbele na nyuma hugharimu 16,000x. Mbavu mbili hugharimu 8,000y. Jumla ni 960,000; ikigawanywa yote kwa 8,000, hubaki 2x + y = 120, yaani y = 120 − 2x.

Eneo, basi, ni x(120 − 2x). Upana ukiwa mita 20, ubavu ni 80 na eneo ni mita za mraba 1,600. Upana ukiwa 40, ubavu ni 40 na eneo ni 1,600 vilevile. Grafu yake ni parabola, nayo hulingana pande zote mbili, kwa hiyo kilele kiko katikati: upana 30, ubavu 60, eneo 1,800. Kukamilisha mraba hukata shaka, kwani eneo huandikika 1,800 − 2(x − 30)², na kinachotolewa hapo hakiwezi kuwa chini ya sifuri.

Wanaokumbuka kwamba mraba hushinda mistatili yote hukosea hapa. Mraba hushinda pale mzingo unapokuwa umepangwa. Hapa kilichopangwa ni fedha. Zizi la 40 kwa 40 humaliza bajeti yote na kupoteza mita za mraba 200.

Katika jibu sahihi, mbele na nyuma hula shilingi 480,000, na mbavu 480,000. Hiyo si bahati: namba mbili zenye jumla isiyobadilika hutoa zao kubwa kabisa zikiwa sawa, na 16,000x ikizidishwa kwa 8,000y hupanda na kushuka pamoja na eneo. Mabati yakifika shilingi 20,000 kwa mita, nusu ileile ya fedha hugawanywa kwa 24,000: upana hupungua hadi mita 20, eneo hadi 1,200, na mbavu hubaki mita 60.