Tazama mlango kabla ya kitanda

Juma lililopita nililetewa barua nyumbani kwangu Kagongwa na mama mmoja anayeuza mchele pale kwenye mashine za kukoboa. Barua haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake, aliyeajiriwa katika mgodi mmoja wa dhahabu huku kwetu, naye aliiandika kwa ajili ya kipindi hiki. Mama aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, akanikabidhi, kisha akasema: "Baba, yeye anakuuliza apande chombo gani. Mimi nakuomba umwambie asipande chochote."

Binti anaeleza kwamba yeye na wenzake watano walikwenda likizo Unguja wakajifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa, wakapata cheti cha kwanza. Sasa wanataka likizo nyingine, lakini safari hii wapande chombo ambacho mtu analala humo humo baharini siku sita, akiamka anazama, akila anazama, akilala chombo kinahamia mwamba mwingine. Mmoja wao anataka waende Bahari ya Shamu, upande wa Misri, kwa sababu huko vyombo vya namna hiyo ni vingi na bei ni nafuu. Wengine wanataka bahari yetu wenyewe, Pemba au Mafia. Wametumiwa vijitabu vya matangazo, vina picha za vitanda vyeupe na samaki wa kuchoma. Anauliza: tuchague kipi, na tutazame nini?

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa nchi kavu. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Lakini kazi ya redio imenipeleka mara nyingi kwenye gati la Mwanza na mara chache kwenye lile la Malindi, Unguja, na kwa bahati mbaya mwandishi wa habari haitwi gatini siku ambayo meli imefika salama.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe ni kitu gani. Ni nyumba ya wageni inayoelea. Chini, ndani ya tumbo la chombo, kuna vyumba au vitanda vya kupandana. Juu yake kuna ukumbi wa kulia chakula na jiko. Nyuma, tezini, kuna mitungi na mashine ya kuijaza hewa. Faida yake ni kufika mbali. Kisiwa cha Latham, ambacho mabaharia wetu wanakiita Fungu Kizimkazi, kimekaa peke yake katika bahari kuu kusini mashariki ya Unguja, nacho si mahali pa kwenda na kurudi kwa ngalawa. Miamba ya Pemba nayo imetawanyika, na kati ya kisiwa hicho na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Anayelala humo humo majini anaokoa muda na anaiona bahari asubuhi kabla ya boti za hotelini kufika.

Hiyo ndiyo faida. Hasara yake haimo katika vijitabu, nayo ni kwamba utakuwa umelala. Abiria wa basi la mchana anaona dereva anavyokimbia, anaweza kupiga kelele. Aliyelala chini ya sitaha usiku wa manane hana habari ya lolote. Amewakabidhi watu wengine macho yake, pua yake na masikio yake.

Mama wa binti huyu analijua jambo hilo kuliko mimi. Mdogo wake wa kiume alikuwa ndani ya MV Bukoba. Mimi mwaka ule wa 1996 nilikuwa bado mwanafunzi, na ninachokumbuka ni watu wazima waliokaa kimya kuizunguka redio moja. Meli ile ilitoka Bukoba jioni, ikapitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 21 Mei ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa wanahesabiwa kuzidi 800. Nasema wanahesabiwa kwa sababu orodha ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili, na wale wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mdogo wake alikuwa wa daraja la tatu.

Mtu atasema, huo ulikuwa ujima wetu, vyombo vya watalii ni vya kisasa. Haya, twende Marekani. Tarehe 2 Septemba, 2019, chombo cha wazamiaji kiitwacho Conception kilikuwa kimetia nanga katika kisiwa cha Santa Cruz, jimbo la California. Bahari ilikuwa shwari. Chombo kilikuwa na vyeti vyote na kilikuwa kimekaguliwa. Kama saa tisa za usiku moto ulianza katika ukumbi, juu ya chumba cha kulala. Watu 34 waliokuwa chini walikufa, abiria 33 na mfanyakazi mmoja. Walionusurika ni watano, wote wafanyakazi, nao walikuwa wamelala juu.

Wachunguzi walipomaliza kazi yao walieleza mambo mawili ambayo nakuomba uyashike. La kwanza, chumba kile kilikuwa na njia mbili za kutokea, ngazi ya mbele na tundu la dharura juu ya kitanda cha nyuma, lakini zote mbili zilitokea katika ukumbi ule ule uliokuwa ukiwaka. Kwa hiyo kwenye karatasi kulikuwa na milango miwili, na kwa kweli ulikuwapo mmoja. La pili, hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa macho akizungukia chombo usiku. Mwaka 2024 nahodha wake alihukumiwa kifungo cha miaka minne.

Wasikilizaji wa Kahama na Geita hawahitaji kufundishwa habari ya mlango mmoja. Mwaka 2015 pale Nyangarata, katika wilaya yetu hii ya Kahama, wachimbaji sita walifukiwa chini ya ardhi baada ya njia ya kutokea kuziba. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Tangu wakati ule nimewasikia wachimbaji wazee wakiuliza swali moja kabla ya kushuka katika duara wasilolijua: hapa pakiziba, tunatokea wapi? Binti yangu, ukifika kwenye chombo, kabla hujaweka begi, uliza kama wao. Na usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Tembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka nje, kwa njia ya kwanza, kisha kwa njia ya pili. Kama njia ya pili imewekewa kabati, au ina kufuli, au unapita kwenye ukumbi ule ule, chukua begi lako uteremke. Na usiku, simu na taa zenu msizichaji chini wala ukumbini wakati watu wamelala. Betri za siku hizi zikishika moto hazizimiki kwa ndoo ya maji.

Swali la zamu liulizwe kwa namna yake. Ukimwuliza mwenye chombo "Je, kuna mlinzi usiku?" atajibu ndiyo, kama vile kila mwenye basi anavyojibu kwamba breki ni nzima. Uliza badala yake: saa nane za usiku ni nani yuko macho, jina lake nani, na kesho yake anafanya kazi gani? Kama ni yule yule mpishi wa asubuhi, au mwongozaji atakayezama nanyi saa kumi na mbili, basi hakuna zamu. Mtu hawezi kukesha siku sita mfululizo.

Juu ya Bahari ya Shamu, sisemi msiende. Miamba yake inasifiwa na kila aliyeiona. Lakini mjue kwamba katika miaka miwili tu, 2023 na 2024, vyombo kadhaa vya wazamiaji vilipotea huko. Carlton Queen kilipinduka Aprili 2023, watu wote wakaokolewa. Hurricane kiliungua Juni mwaka huo, Waingereza watatu wakafa. Sea Story kilizama alfajiri ya tarehe 25 Novemba, 2024, siku moja tu baada ya kung'oa nanga, na watu 11 wakafa au hawakuonekana tena. Wenye mamlaka walitaja wimbi kubwa. Baadhi ya walionusurika wakasimulia vingine. Mimi sikuwapo. Ninachojua ni kwamba chombo kinachoongezewa ghorofa juu ili kipate vyumba zaidi hukosa utulivu, kama lori letu la mpunga lililopangwa magunia kupita kimo chake. Halianguki likiwa limesimama, huanguka kwenye kona. Kwa hiyo uliza chombo kimeundwa lini, kwa kazi gani, na nini kimeongezwa baadaye.

Huku kwetu vyombo vya kulala wazamiaji ni vichache. Wengi wanalala nchi kavu na kutoka asubuhi kwa boti. Uchache huo una uzuri na ubaya wake. Ubaya ni kwamba likitokea jambo, hakuna chombo cha jirani. Kwa hiyo redio ya mawasiliano na maboya ya kuokolea maisha ni lazima uyaone kwa macho yako, yawe na kamba zake, yasiwe yamefungiwa stoo kwa kuogopa wezi. Vyeti vya usalama wa chombo kwa upande wa bara ni kazi ya TASAC, na upande wa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Omba kuviona, soma tarehe, na soma idadi ya watu. MV Nyerere kule Ukara, Septemba 2018, kiliruhusiwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kuhusu majira, wazee wa pwani hawana maneno mengi. Kusi ikivuma, bahari ya nje si ya wageni. Kipindi cha Oktoba mpaka Machi ndicho kinachopendwa zaidi na wazamiaji, maji yanakuwa safi, na Mafia wakati huo anaonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hana habari na nyama ya mtu. Sehemu kubwa ya miamba ya Mafia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini.

Limebaki jambo moja la mwili wenyewe, ambalo linawagusa hasa watu wa huku juu. Kila mita kumi unazoshuka, maji yanakuongezea uzito sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Hewa unayoivuta chini inaingia katika damu kama gesi inavyoingizwa katika soda. Ukipanda polepole inatoka taratibu. Ukipanda kwa haraka ni kama kufungua chupa iliyotikiswa. Sasa, anayezama mara tatu au nne kwa siku, siku sita, anabaki na gesi hiyo mwilini hata akiwa amekauka na kuvaa viatu. Ndiyo maana madaktari wa wazamiaji wanashauri saa 18 angalau zipite kabla ya kupanda ndege. Na si ndege tu. Kahama iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata basi la alfajiri ni kupanda mlima. Chombo kinachotangaza kuzama mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, kisha kukimbizwa uwanjani, kinakuuzia ugonjwa. Uliza pia chumba cha shinikizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi na mgonjwa anafikishwaje.

Haya nilimwandikia binti, naye akayageuza kuwa maswali akawatumia wenye vyombo viwili. Kimoja kilimjibu kwa mchoro wa milango na jina la mtu wa zamu. Kingine kilimtumia picha nyingine ya samaki wa kuchoma.

Ushauri wangu mwenyewe, kwa kuwa aliniuliza, ulikuwa kwamba watu wenye cheti cha kwanza, kinachowaruhusu mita 18 tu, hawana haja ya kulala baharini mwaka huu. Walale Mafia nchi kavu, watoke kwa boti asubuhi, warudi mchana. Chombo cha kulala wakipande watakapokuwa wamezoea. Wenzake watatu wamekubali. Wawili bado wanakitaka kile kilicholeta mchoro, na siwezi kuwalaumu.

Nilipompelekea mama jibu hilo pale kwenye mashine, alisikiliza huku akipepeta. Aliuliza boti la asubuhi linachukua watu wangapi. Nikamwambia, kumi hivi. Akauliza kama majina yao yanaandikwa kabla ya kuondoka. Nikamwambia nitauliza. Nimekwisha kuuliza: yanaandikwa, na nakala inabaki ufukweni.