Mradi Ukiisha, Unabaki na Nini?

Tuseme umemaliza shahada ya uzamili, labda pale SUZA Tunguu, labda Taasisi ya Sayansi za Bahari (IMS). Ajira ya chuo haijatangazwa. Siku moja unapigiwa simu: kuna mradi wa miezi sita kutoka nje, wanatafuta kijana anayevijua vijiji vya Kusini, na posho si mbaya. Unakubali?

Wengi wetu tunakubali, na hakuna ubaya. Nyumbani watu wanakula. Shida inaanza mwezi wa saba. Data zimeshaondoka na wageni, posho imekwisha, na kwenye wasifu wako umeongezeka mstari mmoja tu: "msaidizi wa utafiti". Ukienda hivyo miaka mitano utakuwa umezunguka Unguja nzima, lakini huna swali hata moja ambalo watu wakilisikia watakutaja wewe. Tuangalie kwa nini inakuwa hivi, na unachoweza kufanya ukiwa bado mwanzoni.

Chuo kinahesabu nini?

Ngazi ya vyuo vyetu unaifahamu: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi za chini unapanda kwa shahada. Ukishavuka hapo, kinachokubeba zaidi ni machapisho yenye jina lako. Siku ulizokaa juani na dodoso hazina alama zake. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi ngumu ya utafiti kwa miaka na kwenye makaratasi ya kupandishwa cheo akaonekana hajafanya kitu. Hapo si uvivu. Ni kwamba kazi yake imekaa sehemu isiyohesabiwa.

Swali linalodumu kuliko mradi

Chukua mfano wa mwani. Profesa Keto Mshigeni alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, akiwa mtaalamu wa mwani, kisha akarudi kuutafiti mwani wa pwani yetu akisema kwamba unaweza kulimwa. Kilimo cha mwani cha kibiashara Unguja kilianza mwaka 1989, huko Paje na Jambiani. Hesabu mwenyewe: miaka 15. Hakuna mradi wa miezi sita unaofika huko, ila swali lilifika.

Baadaye likaja tatizo jingine. Kottonii, mwani wenye bei nzuri, ukaanza kufa sehemu nyingi maji yalipozidi kuwa ya moto, na wakulima, wengi wao akina mama, wakabaki na spinosamu wenye bei ya chini. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi IMS kwa miaka mingi, alikaa na swali hilo: mwani unakufa kwa nini, na mkulima atapataje zaidi kwa huo uliobaki? Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa klasta ya mwani Zanzibar, akiwa mmoja wa waliouongoza, na wakulima wa vijiji kama Kidoti na Bweleo wakafika hatua ya kutengeneza sabuni na unga wa mwani.

Fedha za miradi huja na kuondoka. Swali likiwa lako, kila mradi unaongeza tofali kwenye ukuta uleule. Basi kabla ya kusaini, jiulize: kazi hii inaongeza nini kwenye swali langu? Ikiwa haiongezi chochote na bado unaihitaji hela, ichukue, ila ijue kuwa ni kibarua.

Jina lako kwenye makala

Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, kwa hiyo tusome kanuni yenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE), ambayo miongozo yake inafuatwa na majarida mengi, ina masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo, data au uchambuzi, uwe umeshiriki kuandika rasimu au kuipitia kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo.

Umeona mtego? Kukusanya data peke yake hakutoshi. Lakini miongozo hiyohiyo inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika. Yaani wasipokuletea rasimu, una haki ya kuiomba. Usingoje makala itoke. Siku ya kwanza, kwa adabu kabisa, andika barua pepe: "Ningependa kushiriki katika uchambuzi na uandishi. Tunaweza kukubaliana nani atafanya nini?" Ni rahisi kulisema hilo kabla ya kazi kuliko baada ya ugomvi. Uliza pia data zitahifadhiwa wapi, na kama utaruhusiwa kuzitumia mradi ukiisha. Suala la wageni kuchukua data na kuwaacha wenyeji nje lilijadiliwa sana kwenye mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town mwaka 2022, kwa hiyo ukiuliza, hutaonekana mtu wa ajabu.

Vibali na bamvua

Kuna mambo mawili yanayokula muda wa mtafiti wa Unguja. La kwanza ni vibali. Zanzibar ina utaratibu wake, tofauti na wa COSTECH kwa Tanzania Bara, na utafiti wa afya unapita pia kwenye kamati ya maadili. Ukifika kijijini bado unakwenda kwa sheha, na kwa mambo ya bahari unaonana na kamati ya wavuvi. Anza mapema, na andika kila hatua. Ujuzi huo wageni hawana, na ni hoja nzuri unapodai nafasi ya maana kwenye mradi.

La pili ni maji. Kazi ya kwenye miamba na mashamba ya mwani inataka bamvua, na bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi, siku chache kila mara. Halitazami ratiba ya vipindi. Ukipewa darasa la kufundisha, chukua jedwali la maji kupwa na kujaa ulilinganishe na muhula mzima, kisha zungumza na mkuu wa idara kabla ratiba haijapangwa.

Hela ndogo, watu wengi

Huna haja ya kuanza na ruzuku kubwa. WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake hapa Zanzibar, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za utafiti, ina jarida lake, na chini yake kuna mtandao wa wanasayansi chipukizi. Ruzuku ndogo ambayo wewe ndiye kiongozi wake inaweza kukujenga kuliko kuwa msaidizi wa tano kwenye mradi mkubwa. Na usipokee mialiko ya majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa. Hela itakwenda, na kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa makala yako.

Tuseme ukweli pia: nafasi za chuo ni chache, na si kila mmoja wetu atapata. Lakini mwenye swali, data anazozielewa na jina kwenye makala mbili tatu ana cha kuonyesha hata akienda kwenye idara ya uvuvi, hifadhi ya bahari au shirika la kijamii.

Wiki hii fanya jambo moja. Andika swali lako kwa sentensi moja, kwa Kiswahili ambacho mkulima wa mwani wa Jambiani atakielewa, kisha msomee mtu asiye wa fani yako. Akikuuliza "ehe, sasa jibu lake nini?", hapo pana pa kuanzia.