Mkataba mrefu wa mchezaji: nani anauza, nani ananunua?

Na Mwandishi Wetu, Singida

MFANYABIASHARA wa vitunguu katika soko la Misuna mjini hapa hahitaji kufundishwa maana ya kuuza mzigo kabla bei ya msimu haijajulikana. Mkulima mwenye shida ya fedha hukubali bei ya chini mazao yangali shambani ili apate uhakika. Mnunuzi naye hubeba hatari: bei ikipanda faida ni yake, ikianguka hasara ni yake.

Biashara ya namna hiyo hufanyika pia kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Mchezaji wa kandanda anapotia saini mkataba wa miaka minne au mitano, mashabiki husema ana mapenzi na timu. Huenda anayo. Lakini ukikaa na kalamu na karatasi utaona kuwa mkataba mrefu ni mauzo ya mazao yangali shambani.

Klabu hununua haki ya kuuza

Zamani klabu za Ulaya ziliweza kudai ada ya uhamisho hata kwa mchezaji aliyekwisha kumaliza mkataba. Desemba 15, 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman na kuuondoa utaratibu huo kwa wachezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaohama ndani ya umoja huo. Leo, kwa kanuni za FIFA, mchezaji yeyote aliyebakiza miezi sita yuko huru kuafikiana na klabu nyingine.

Kwa hiyo thamani ya mchezaji kwa klabu yake hupungua kama kodi ya fremu ya duka iliyolipwa kwa mkupuo: kila mwezi ukipita, kilichobaki cha kuuza ni kidogo zaidi. Klabu hujikinga kwa kurefusha muda. Kikomo cha kawaida cha FIFA ni miaka mitano, na kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mitatu.

Mbwana Samatta alipojiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016 alisaini miaka minne na nusu. Alipohamia Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, Genk ililipwa ada ya uhamisho kwa sababu mkataba wake ulikuwa bado hai.

Hapa nchini, somo lilitolewa na suala la Feisal Salum na Yanga. Desemba 2022 kiungo huyo aliiwekea klabu Sh. milioni 112 akitaka kuvunja mkataba uliokuwa umalizike Mei 2024. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji iliamua kuwa bado ni mali ya Yanga. Mambo yalikwisha Juni mwaka huo alipohamia Azam FC. Muda uliobaki ndio uliokuwa silaha ya klabu mezani.

Mchezaji hununua bima

Je, mchezaji anapata nini? Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 21 anapewa chaguo mbili: miaka miwili kwa Sh. milioni 2 kwa mwezi, au miaka minne kwa Sh. milioni 1.5.

Mkataba mfupi unampa Sh. milioni 48. Aking'ara, tuseme atapata mwingine wa miaka miwili kwa Sh. milioni 3 kwa mwezi, yaani Sh. milioni 72 zaidi, jumla milioni 120. Akivunjika goti, anabaki na zile 48. Ikiwa uwezekano ni nusu kwa nusu, wastani wake ni Sh. milioni 84. Mkataba mrefu unampa Sh. milioni 72, goti liwe zima au bovu.

Tofauti ya Sh. milioni 12 ndiyo bei ya bima yake. Kwa kijana anayesomesha wadogo zake na kujenga nyumba ya wazazi, bei hiyo si kubwa. Mwili wake ndio mtaji wake wote, na hana ghala la pili.

Wapo wanaopendelea mikataba mifupi kwa sababu nyingine: fedha za usajili. Anayesaini kila baada ya miaka miwili huipokea fedha hiyo mara nyingi zaidi. Anayekubali miaka minne bila kudai nyongeza ya usajili amepunjwa.

Mlipaji ni nani?

Hesabu yetu ina shimo moja. Zile Sh. milioni 72 ni za uhakika endapo klabu italipa. Klabu ikisita baada ya miaka miwili, kijana wetu amepata Sh. milioni 36 tu, pungufu ya mwenzake wa mkataba mfupi.

Mkoa wa Singida unalijua hilo. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018, na mwaka 2020 ikashuka daraja. Aliyesaini miaka mitano siku ilipopanda angekuwa na miaka miwili ya mkataba bila Ligi Kuu.

Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022, ikashika nafasi ya nne msimu wake wa kwanza. Mwaka 2023 iliitwa Singida Fountain Gate, na 2024 ikahamia Manyara kama Fountain Gate. Mwaka huo huo Ihefu ya Mbeya ililetwa hapa na kuwa Singida Black Stars. Mkataba humfuata mwajiri, si mji wala jina la jezi.

Kinga ipo. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Lakini haki hiyo huhitaji nakala ya mkataba na kumbukumbu za malipo mkononi.

Kwa msomaji wetu mwenye nyumba ya kupangisha au duka linalokopesha wachezaji, ushauri ni mmoja. Mchezaji akikuonyesha mkataba wa miaka minne, usiufanye dhamana kwa sababu ya urefu wake. Uliza fedha za klabu zinatoka wapi, nani mmiliki, na mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Kisha ndipo upange kiasi cha mkopo.