Michael Grzimek: Rubani Aliyehesabu Nyumbu wa Serengeti

Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, huanzia kwenye milima ya kreta inayopakana na mashamba ya Karatu, ikavuka nyanda kame za Salei na kuingia katika vijiji vya Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, kikiwamo kijiji cha Samunge, kabla ya kuishia Loliondo kwenye mpaka wa Kenya. Katika eneo hilo lote wako marehemu wawili ambao majina yao yamefika mbali kuliko wilaya yenyewe. Mmoja ni Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambaye mwaka 2011 kikombe chake cha dawa kiliwavuta Samunge maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya Tanzania, na aliyefariki Julai 2021. Wa pili alikufa zaidi ya miaka 60 kabla yake, hakuishi wilayani hata miaka miwili, na kaburi lake, lililojengewa mawe kwa umbo la piramidi kwenye ukingo wa kreta, hupitwa kila siku na magari ya watalii. Huyo ni Michael Grzimek, rubani na mpiga filamu wa Kijerumani, ambaye habari zake husimuliwa mno kwa upande wa ujasiri wake wa angani na kidogo sana kwa upande wa kazi iliyompandisha huko angani.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, naye mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt iliyokuwa imebaki magofu baada ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaifufua na kuiongoza hadi mwaka 1974. Katika familia ya namna hiyo, ambamo sokwe mchanga aliweza kuletwa nyumbani kulelewa kama mtoto wa tatu au wa nne, mpaka kati ya kazi ya baba na maisha ya nyumba haukuwapo, na kijana aliyekua humo hakuhitaji kushawishiwa ili aipende kazi hiyo. Alishika kamera mapema. Alipofikisha umri wa miaka 20 na ushei tayari alikuwa mshirika kamili wa baba yake, na mwaka 1956 walitoa filamu waliyoipiga katika Kongo ya Wabelgiji, yenye jina la Kijerumani lenye maana ya kwamba wanyamapori hawana tena mahali pa kuishi, ambayo ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Berlin na kuingiza fedha nyingi kuliko walivyotarajia.

Uhusiano huo wa baba na mwana ndio ulioifanya kazi yao iwe tofauti na safari nyingi za wazungu walioijia Afrika kwa bunduki au kwa kamera. Wawili hao walikuwa chanda na pete: walipanga pamoja, walirusha ndege kwa zamu, walilala katika kibanda kimoja, na waliandika kitabu kimoja ambacho sauti zao ndani yake ni vigumu kuzitenganisha. Michael alikuwa pia mume na baba. Mkewe, Erika, alikuwa na mtoto mdogo wa kiume, na mtoto wao wa pili alizaliwa baada ya baba yake kufa. Mtu akisoma historia ya uhifadhi wa Serengeti kwa jicho hilo, anaona kwamba sehemu kubwa ya gharama yake ya mwanzo ililipwa na nyumba moja, na kwamba aliyelipa zaidi, pengine, ni mama aliyebaki na watoto wawili.

Fedha za filamu ya Kongo ndizo zilizowaleta Tanganyika. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka, mwaka 1956, uliopendekeza kupunguza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo tangu mwaka 1951 ilijumuisha pia Ngorongoro, kwa sababu ya mvutano wa muda mrefu kuhusu haki za Wamaasai waliokuwa wakichunga ndani yake. Akina Grzimek walitaka kuzitoa fedha zao zinunue ardhi ili hifadhi isipunguzwe. Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri vingine: kilichokosekana ni maarifa, kwa kuwa mpaka ulikuwa unakaribia kuchorwa upya na hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi, wala wanapita wapi katika misimu ya mwaka. Ushauri huo wa busara ndio uliogeuza ukarimu wa matajiri wapya kuwa utafiti.

Basi wakajifunza urubani, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, yenye uwezo wa kutua na kupaa katika nafasi fupi isiyo na uwanja wa kawaida, wakaipaka milia ya pundamilia kuanzia pua hadi mkia, na Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt wakiirusha wenyewe hadi Afrika Mashariki. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hutua, kwenye picha ya ndege yenye milia ikipita juu ya makundi ya wanyama, na kwa kweli picha hiyo inavutia. Lakini kazi yenyewe, waliyoifanya wakiwa na kituo chao Banagi, ilikuwa ya kuchosha.

Sensa ya angani, yaani kuhesabu wanyama kutoka ndegeni, hufanywa kwa kuligawa eneo katika vipande vinavyotambulika kwa mito, vilima na njia, kisha ndege hupita juu ya kila kipande kwa mistari inayokwenda sambamba, huku rubani akishika mwelekeo na kimo kilekile, na watazamaji wa kulia na kushoto wakihesabu kila mmoja upande wake. Swala wachache huhesabika mmoja mmoja. Kundi la nyumbu elfu kadhaa halihesabiki hivyo, kwa sababu ndege hulipita kwa nukta chache tu, kwa hiyo mtazamaji hujizoeza kuona kumi, kisha hamsini, kisha mia, na kulikadiria kundi zima kwa kulipima na kipimo hicho alichokizoesha jicho lake. Jua kali, mitikisiko ya hewa ya mchana, kichefuchefu na macho yanayouma ni sehemu ya kazi hiyo, na kosa dogo la jicho hurudiwa mara mia kabla ya jioni. Pamoja na kuhesabu, walikamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni ili waweze kutambuliwa tena mahali pengine, na walikusanya sampuli za majani na udongo ili kuelewa kwa nini makundi hupenda nyanda fulani wakati wa mvua na kuzihama wakati wa kiangazi.

Jumla waliyoipata ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, miongoni mwao nyumbu 99,481. Tarakimu hizo, zilizoandikwa hadi mnyama wa mwisho, zina usahihi wa kuonekana kuliko usahihi wa kweli, kwani sensa nyingine ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya laki mbili, na haiwezekani nyumbu kuzaliana kiasi hicho katika miaka mitatu. Jicho la mwanadamu ndani ya ndege huelekea kupunja. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kulikuwa na hesabu ya kuanzia, na muhimu zaidi kulikuwa na ramani ya mwendo wa makundi, iliyoonyesha kwamba wakati wa mvua wanyama wengi walilisha katika nyanda za mashariki ambazo mpaka mpya ulikuwa unaziacha nje ya hifadhi. Serikali haikusubiri ramani hiyo. Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi la aina yake, ambamo wafugaji wangeishi pamoja na wanyamapori, huku Serengeti ikibaki hifadhi isiyo na wakazi na kuongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya.

Michael hakuuona mwisho wa mambo hayo. Tarehe 10 Januari 1959, akiwa peke yake katika ndege, aligongana na tumbusi, ndege mkubwa mla mizoga ambaye hupanda juu kwa kuelea kwenye hewa ya joto bila kupiga mbawa. Bawa la ndege liliharibika, usukani ukakwama, na ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Baba yake alimzika Ngorongoro, kisha akaikamilisha filamu na kitabu vilivyokuwa vimebaki njiani. Filamu hiyo, yenye jina linalotangaza kwamba Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ya kumbukumbu mwaka 1960, na kitabu kikafasiriwa katika lugha nyingi. Maabara ya kumbukumbu yake ilijengwa Banagi, na kutokana nayo ikakua taasisi ya utafiti wa Serengeti ambayo bado inafanya kazi.

Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuirekebisha picha aliyoiacha. Akina Grzimek waliamini kwamba wanyama walikuwa wachache kwa sababu ya watu: wawindaji haramu, mifugo mingi, mipaka mibaya. Sababu kubwa zaidi ilikuwa imejificha katika damu ya wanyama wenyewe. Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe na wanyamapori wa jamii yao, ulikuwa ukiendelea kuwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda hadi kufikia takriban milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, sindano iliyochomwa ng'ombe wa mfugaji iliwaokoa nyumbu kuliko mpaka wowote uliochorwa, na jambo hilo lisingejulikana kama kusingekuwa na hesabu ya mwaka 1958 ya kulinganishia.

Ongezeko hilo lilikuwa na upande wake wa pili, ambao wakazi wa Ngorongoro wanaujua vizuri. Ndama wa nyumbu hueneza virusi vinavyosababisha homa kali ya ng'ombe, ambayo nyumbu wenyewe haiwadhuru, kwa hiyo kila nyumbu wanapozaa, kuanzia Januari hadi Machi, mfugaji hulazimika kuyaondoa makundi yake kwenye majani mafupi ya tambarare na kuyapeleka milimani. Kabla ya nyumbu kuongezeka, malisho hayo yenye madini mengi yalikuwa ya ng'ombe pia. Wamaasai wa Ngorongoro, ambao walikuwa wamekubali kuiacha Serengeti, walijikuta wakipoteza sehemu ya malisho ya masika hata katika eneo waliloahidiwa, bila amri ya mtu yeyote.

Bernhard Grzimek alifariki Machi 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya mwanawe. Hadi mwisho alishikilia kwamba hifadhi haina budi kuwa bila watu, wawe wenyeji au wageni, msimamo ambao watafiti wengi wa baadaye wameupinga na ambao wengine bado wanauunga mkono. Mjadala huo haujazikwa pamoja naye. Serikali hutaja kwamba Ngorongoro ilikuwa na watu takriban 8,000 mwaka 1959 na kwamba sasa wamezidi laki moja, na kuanzia mwaka 2022 imekuwa ikizihamishia Msomera, wilayani Handeni, familia zilizojiandikisha kuondoka, wakati viongozi wa wafugaji wanapinga jinsi idadi hizo zinavyotumika na kudai kwamba mifugo yao imeishi na wanyamapori kwa vizazi. Pande zote mbili huja mezani na tarakimu, na tarakimu za nyumbu zinazotajwa huko huanzia, karibu mara zote, kwenye sensa ya ile ndege yenye milia.