Injini Inaponing'inia: Fizikia ya Mnyororo wa Fundi

Injini ya Volkswagen Beetle imeungana na giaboksi kwa bolti nne tu. Fundi akishachomoa nyaya za jenereta, kebo ya akselereta na mpira wa petroli, anafungua bolti hizo, anaivuta injini nyuma mpaka shafti ya giaboksi itoke kwenye klachi, kisha anaishusha kwa jeki hadi sakafuni. Hakuna rejeta wala maji ya kumwaga, kwa sababu injini hii hupozwa kwa hewa. Gari hilo, lililoshinda Safari Rally mwaka 1962 Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, liliendelea kuundwa hadi Julai 2003, la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Mexico. Kufikia hapo yalikuwa yameshatengenezwa zaidi ya milioni 21. Watu wengi duniani wamejifunza ufundi kwa kuitoa injini hiyo uani kwao, na kazi yenyewe ni ya kushusha.

Magari mengi yanayolala kwenye nyua za Dar es Salaam na Nairobi leo yanadai kazi ya kupandisha. Chukua Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Injini imekaa kwa upana wa gari, giaboksi iko ubavuni mwake, na pande zote imebanwa na rejeta, kompresa ya AC, pampu ya usukani, ekzosi na shafti mbili za magurudumu. Njia iliyozoeleka ni kuitoa juu kupitia kwenye boneti, na ikiwa pamoja na giaboksi yake uzito unafika kilo 150 hivi. Nati zote zikishafunguka linabaki swali zito zaidi: kilo hizo zitaning'inia wapi, na nini kitazizuia zisianguke?

Kabla ya hapo kuna matayarisho ambayo hayafai kurukwa. Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza, kwa kuwa bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo. Petroli nayo haisubiri joto: mvuke wake unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo mbali. Maji ya rejeta yenye ethilini glikoli yana ladha tamu na ni sumu kali, hivyo beseni lake lisiachwe penye watoto, mbwa au kuku. Gesi ya AC aina ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikimwagikia mkono inaugandisha. Fundi mzoefu haifungui kabisa. Anaing'oa kompresa ikiwa na mabomba yake na kuifunga kwa kamba pembeni.

Sasa mnyororo. Cheni bloki inayoonekana kwenye kila gereji ya jua kali ina asili katika kifaa cha Mwingereza Thomas Aldridge Weston, cha katikati ya karne ya 19. Juu aliweka magurudumu mawili yaliyoshikana kwenye ekseli moja, moja kubwa kidogo kuliko jingine, yakizungushwa na mnyororo mmoja usio na mwisho. Ukivuta, gurudumu kubwa linakusanya mnyororo huku dogo likiuachia, na ndoano inapanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Tuseme kubwa lina nusu kipenyo cha sentimita 10 na dogo 9. Mvutaji atavuta mita 20 za mnyororo ili injini ipande mita 1, na kwa hesabu ya karatasi kilo 150 atazihisi kama kilo 7 na nusu.

Mkononi hali ni nyingine. Msuguano kwenye mnyororo na ekseli hula zaidi ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo anavuta kilo 15 na zaidi. Hasara hiyo ndiyo inayomlinda. Kifaa kinachopoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwa msuguano wakati wa kupandisha hakiwezi kurudishwa nyuma na uzito wa mzigo peke yake. Mtu akiachia mnyororo apanguse jasho, injini inabaki pale pale ilipo. Cheni bloki za sasa zina meno ya gia yasiyopoteza nguvu nyingi hivyo, na usalama wake unategemea breki ya ndani, ambayo uzito wa mzigo wenyewe huibana: mzigo ukizidi, breki nayo inabana zaidi. Oili ikiingia kwenye breki hiyo, kinga yote inayeyuka.

Ajali nyingine huanzia kwenye pembe ya mnyororo. Injini nyingi zina masikio mawili ya chuma yaliyofungwa kiwandani kwa ajili ya kunyanyulia. Mnyororo unaopita kutoka sikio moja hadi jingine, ukipanda karibu wima, kila upande unabeba kilo 75. Ukiwa mfupi na pande zake zikalala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande unabeba kilo 150 kamili. Kwenye nyuzi 15 kila upande unafika karibu kilo 290, na injini haijaongezeka hata gramu moja. Mnyororo mrefu kidogo ni kinga isiyo na gharama, mradi juu pawe na nafasi ya kutosha.

Na hapo juu ni wapi? Mwembe wa uani ndio jibu la wengi. Tawi likibebeshwa mzigo mita 2 kutoka shinani, nguvu inayolipinda ni mara mbili ya ile ya mita 1, na kuoza kwa ndani hakuonekani kwenye gome. Kenchi za nyumba nazo zimepigiwa hesabu ya bati na upepo, uzito uliotawanyika. Kuning'iniza injini kwenye boriti moja ni kuihatarisha nyumba. Winchi ya magurudumu ni bora zaidi, ila mkono wake ukirefushwa uwezo unashuka sana: winchi inayobeba tani 2 mkono ukiwa mfupi inaweza kuishia nusu tani mkono ukinyooshwa wote.

Mtikisiko nao una hesabu yake. Mzigo ukiachiwa ghafla juu ya mnyororo uliolegea, hata bila kuanguka umbali wa kupimika, nguvu inayopita kwenye mnyororo kwa nukta hiyo ni maradufu ya uzito wake. Mauntingi ya mwisho, yaani kishikizo cha injini kwenye bodi, inayofunguka kwa kishindo inaweza kuzigeuza kilo 150 kuwa 300. Ndiyo maana mnyororo hukazwa kidogo kabla ya kufungua bolti za mwisho, na hakuna mkono wala mguu unaopitishwa chini ya injini iliyo hewani, hata kwa kuokota nati.

Injini ikishatoka, gari husukumwa nyuma, kisha mzigo hushushwa taratibu. Chini kabisa ya injini kuna sampu, bakuli la oili ambalo kwenye magari mengi ni bati jembamba. Injini ikikalishwa juu yake, bati hubonyea ndani na kusogelea mdomo wa bomba linalonyonya oili. Siku injini itakapowashwa tena, oili haitapanda ya kutosha na vyuma vitasagana. Mafundi wengi huikalisha kwenye tairi kuukuu lililolazwa, mpira ukishika kingo za bloku huku sampu ikibaki wazi katikati.